Shangazi, nikikonda watu wanasema naumwa, nikinenepa sukari inapanda

Salamu Shangazi,

Natumai uko salama. Mimi ni dere wa matatu, napiga Kayole hadi tao, niko miaka 41, niko na bibi na watoto wawili. Nimekua nikisoma vile unajibu watu na nimeona hukasirikii mtu, ndo maana nimeamua kuandika juu hii maneno siwezi ongea steji.

Kuna watu wa afya walikuja steji yetu kupima watu bure, ilikua mapema sana hata chai sikua nimekunywa. Presha ikasoma 152 kwa 96, sukari 6.5, kilo 104. Yule nesi akaniambia baba, hii sukari haijakua ugonjwa bado lakini iko mlangoni, na presha pia ufuatilie. Sasa Shangazi, babangu alikufa na kisukari. Walianza kwa kukata kidole cha mguu, halafu mguu, na mimi ndo nilikua namuosha hicho kidonda. Hiyo siku niliendesha gari mpaka jioni na redio sikuwasha.

Nikaanza safari ya kujirekebisha. Kuna jamaa TikTok anasema ugali ni sumu, ati ukitaka kukonda uache ugali, chapo, mchele, ndengu, kila kitu, ukule mara moja tu usiku. Nikafuata vile anasema. Asubuhi strungi bila sukari, mchana natafuna muguka ndio njaa ipotee, usiku nyama na kabeji. Na saa tisa usiku kabla niende kuchukua gari nilikua nakimbia kando ya Outering. Kilo zikaenda kweli, nikashuka hadi 88, nikaanza kufunga suruali na kamba.

Shida ni kizunguzungu. Siku moja niko pale Donholm, gari imejaa, nikaona taa za gari ya mbele zinakua mbili mbili, ikabidi nimeegesha kando nikadanganya makanga ati klachi inasumbua. Halafu watu sasa. Steji kuna mmoja aliniuliza mbele ya kila mtu kama nimeanza kumeza zile dawa za kila siku, wakacheka. Bibi yangu akasema majirani watadhani hanipikii. Nikaenda ushago kuona mamangu, akanishika uso na mikono miwili akaanza kulia, akaniambia nimwambie ukweli kabla asikie kwa watu. Hapo nguvu iliniisha. Nikarudi kukula kama zamani, sai niko 101 na kila mtu amefurahi, wanasema sasa unakaa mtu. Lakini mimi naamka usiku nikifikiria ule mguu.

Kuna mama anauza chai ya kutoa mafuta na sumu mwilini, 3,500 ya mwezi, anasema inashusha sukari pia. Na kuna jimu imefunguliwa karibu na plot yetu lakini mimi nachukua gari saa kumi usiku naiachilia saa nne, nitaenda jimu saa ngapi? Ugali niache ama nisiache? Na hawa watu niwafanyie nini, hasa mamangu?

Dere wa Kayole

*

Mwanangu,

Pole sana kwa babako, na pole kwa vile hii hofu umekua ukiibeba peke yako usiku halafu asubuhi unabeba watu kana kwamba hakuna kitu. Nimeisoma barua yako mara kadhaa. Nitakujibu kwa urefu juu maswali yako yote yanastahili jibu, lakini nitaanza na namba kwa sababu naona hizo ndo hazikuachi ulale.

Sukari ikipimwa kabla mtu akule, yaani amekaa masaa nane au zaidi bila chakula, inafaa iwe chini ya 5.6. Ikifika 7.0, na irudiwe siku nyingine ikuje hivyo hivyo, hapo daktari ataita kisukari. Yako ya 6.5 iko katikati, na nesi alikuambia ukweli, lakini katikati mtu anaweza kurudi nyuma, na wengi wamerudi. Babako kuwa na kisukari kunakuongezea hatari, sitakuficha, ila hakujaandika kwamba lazima na wewe ukipate. Sasa ile ya steji ilikua ya kidole na ilikua mara moja. Nenda hospitali watoe damu wapime tena, na uulizie kipimo kinaitwa HbA1c, hicho hata kama umekula hakisumbuki, kinaonyesha sukari yako imekua ikikaa wapi kwa miezi miwili mitatu iliyopita. Tafadhali hapo usichanganye, HbA1c inasomwa kwa asilimia, 5.7 hadi 6.4 ndo katikati, 6.5 kwenda juu ni kisukari, kwa hivyo 6.5 ya karatasi hiyo na 6.5 yako ya steji ni vitu viwili tofauti kabisa. Watu wanasoma matokeo yao wenyewe kwa matatu wakirudi nyumbani wanaanza kuandika wosia.

Presha, mstari ni 140 kwa 90, na yako ilipita. Lakini presha haiamuliwi na kipimo kimoja, inarudiwa siku tofauti. Na kama ulikua umetafuna muguka, ama umelala masaa manne, hiyo peke yake inaweza kuisukuma juu, juu muguka unaamsha mwili mzima, moyo unakimbia na presha inapanda nao. Daktari mwambie wazi kwamba unatafuna, kiasi gani na saa ngapi. Hakuna vile atakusaidia kama hajui hiyo.

Mama Lucy si mbali na nyinyi, ama hospitali yoyote ya kaunti iliyo karibu. Na kabla hata ufike huko, uliza kwa plot nani ni mhudumu wa afya ya jamii wa upande wenu, wale wanapita nyumba kwa nyumba na mkoba. Tangu Septemba 2023 serikali iliwapa vifaa, na ndani ya huo mkoba kuna mashine ya presha na ya sukari. Anaweza kukupima ukiwa kwako, Jumapili asubuhi, bila foleni.

Sasa kuna kitu nataka usikie vizuri. Kule Marekani walifuata watu zaidi ya 3,000 ambao sukari yao ilikua katikati kama yako, matokeo yakatoka 2002. Kundi moja walipewa lengo la kupunguza asilimia 7 ya uzito na kufanya mazoezi ya dakika 150, wengi wao walikua wanatembea tu, na hizo dakika ni za wiki nzima wala si za siku. Baada ya karibu miaka mitatu, waliopata kisukari kwa hilo kundi walikua wachache kwa asilimia 58 kuliko wale waliopewa vidonge visivyo na dawa. Wale waliopewa metformin, dawa yenyewe ya sukari, walikua wachache kwa asilimia 31. Sasa piga hesabu na mimi. Asilimia 7 ya kilo 104 ni kilo saba na kitu, kwa hivyo ukiwa 97 umefika. Wewe ulienda hadi 88! Ulipita steji yako ukaenda mbali sana, na ukaenda kwa njaa na bila usingizi, na ndo maana uso uliingia ndani hadi mamako akalia. Kutoka hapo 101 ulipo, kilo nne hivi, pole pole, kwa miezi kadhaa, hakuna mtu atakuja kukushika uso.

Kuhusu kizunguzungu hapo nitakua mkali kidogo, unisamehe. Hujala tangu jana usiku, hujanywa maji, umelala masaa machache, umekimbia saa tisa, halafu muguka umekuficha njaa usijue mwili umeisha, na nyuma yako kuna watu wamejaa gari wanaenda kazi. Vile uliweka gari kando ulifanya vizuri sana na uendelee kufanya hivyo siku zote ukihisi hivyo. Lakini hiyo ya kukula mara moja usiku, kwa mtu wa kazi yako, achana nayo kabisa. Na daktari mwambie pia kuhusu hizo taa mbili mbili, usiikalie kimya, aangalie macho.

Ugali usiache. Sijui ni nani alianza hii vita na ugali lakini imeumiza watu wengi juu mtu anaacha wiki mbili halafu anarudi na hasira anakula wa watu watatu. Kile kinasumbua ni kipimo. Gawanya sahani kwa macho, nusu iwe mboga, sukuma, managu, terere, kunde, kabeji, chochote kiko sokoni, robo iwe ugali, robo ingine iwe kitu ya kujenga mwili, ndengu, maharagwe, omena, mayai, samaki, nyama siku ikiwepo. Na huyo kijana wa TikTok alikukosea sana kukutoa kwa ndengu na maharagwe, hizo ziko na nyuzinyuzi na protini, zinashibisha kwa muda mrefu na sukari inapanda taratibu. Ukipata unga wa posho mill ambao haujakobolewa ni bora kuliko ule mweupe wa paketi, lakini hata huo ukijaza sahani bado ni ugali mwingi.

Kwa kazi yako hivi ndo naona inawezekana. Saa kumi kabla utoke, ama hapo steji kwa wale mama wa vikapu, kula mayai mawili ya kuchemsha na kipande cha nduma ama ngwaci, badala ya mandazi nne. Chai kunywa, ya maziwa sawa tu, punguza sukari kijiko kimoja kimoja mpaka ulimi uzoee. Mchana, mama wa kibanda mwambie akupunguzie ugali akuongezee mboga, wanafanya hivyo ukiomba, na bei haibadiliki sana. Katikati ya hapo ukishikwa na njaa kwa jam kuna ndizi na njugu zinapita dirishani, chukua njugu zisizo na chumvi nyingi. Usiku kula kile familia inakula. Usimwambie bibi yako akupikie sufuria yako, hiyo ndo ilileta maneno ya majirani, na pia mtachoka na gharama. Mwambie tupike mboga nyingi na ugali mdogo kwa wote, hata watoto, juu hii kitu iko kwa damu yenu na wao pia inafaa waanze mapema.

Mimi naona vita yako kubwa iko kwa chupa kuliko kwa sahani. Hukuandika kuhusu soda lakini najua muguka unatafunwa na nini. Soda ya nusu lita iko na sukari karibu gramu 50, hiyo ni kama vijiko kumi na viwili vya chai. Shirika la Afya Duniani linasema sukari ya kuongezwa isipite karibu hizo gramu 50 kwa siku, na ingekua vizuri zaidi ikiwa nusu yake, kwa hivyo chupa moja tu imemaliza siku yako hata kabla ya chai. Vile vinywaji vya kuongeza nguvu ni hadithi hiyo hiyo, na kafeini juu, na presha yako haihitaji. Ukibadilisha soda na maji, hata kama hutabadilisha kitu kingine chochote kwa mwezi wa kwanza, utaona tofauti. Najua madere hamnywi maji juu choo ni shida, mtu anashikilia mkojo kutoka Kayole hadi tao. Kunywa ukiwa unakaribia mwisho wa rauni, pale ambapo kuna choo cha kulipia, na hiyo pesa ya choo ihesabu kama pesa ya mafuta, ni gharama ya kazi.

Chumvi pia, juu ya hiyo presha. Kiwango ni chini ya gramu 5 kwa siku, kijiko kimoja cha chai, na hapo imehesabiwa ile ya kwa mchuzi, kwa smoki, kwa chips, na zile viungo vya paketi ambazo ni chumvi tupu. Usinyunyize ingine juu ya sahani.

Jimu wacha ikae kwanza, si lazima. Na kukimbia Outering saa tisa usiku sitaki kusikia tena, kuna wezi, kuna malori yanapita kwa kasi, na hayo masaa ni ya usingizi. Dakika 150 kwa wiki ukizigawa ni kama ishirini na kitu kwa siku, na si lazima ziwe kwa mkupuo mmoja, hata dakika tano tano zinahesabika. Wewe uko na wakati wa kungoja gari ijaze. Badala ya kukaa kwa usukani ukitafuna, shuka, mwachie makanga kazi ya kuita, zunguka steji kwa mwendo wa kutoa jasho kidogo, mwendo ambao unaweza kuongea lakini huwezi kuimba. Ukimaliza kula lunchi tembea kidogo, misuli ikifanya kazi baada ya chakula inachukua sukari kutoka kwa damu, na hiyo ndo dawa ya bei rahisi kuliko zote naijua. Mara mbili kwa wiki ongeza kitu ya nguvu, piga pushapu ukiegemea mbele ya gari, chuchumaa na kusimama ukishikilia mlango. Miguu ya dere inakaa imekunjwa siku nzima, ipatie kazi. Siku yako ya off toka na bibi na watoto muende Uhuru Park mzunguke, hao watoto wakukimbize.

Usingizi nimeuacha mwisho kwa haya ya mwili kwa sababu najua si wewe unapanga. Saa kumi hadi saa nne ni masaa kumi na manane, mwanangu. Najua pesa ya tajiri lazima ifike. Lakini mtu akilala masaa machache kila siku njaa inaongezeka na sukari inakaa juu, hata akila vizuri, kwa hivyo tafuta dere wa skwadi unamwamini umwachie rauni za mwisho hata kama ni siku mbili kwa wiki. Utapoteza kitu kidogo kwa mfuko, lakini uliona kwa babako kisukari kinakula pesa kiasi gani.

Tuje kwa watu. Wa steji usiwajibu. Ukirudi kunenepa watafurahi, na siku ukilazwa watachanga mara moja halafu gari zitaendelea kujaza. Ama tafuta mmoja ambaye unamwamini, umwambie ukweli, maana nakuhakikishia huko steji si wewe peke yako ulipimwa ukakuta namba mbaya, ni vile hakuna anayesema.

Mamako ni kitu ingine. Yeye ni wa kile kizazi kilizika watu miaka ya tisini. Mtu alikua anakonda, watu wananong'ona, na baada ya muda kuna matanga, na nyumbani hakuna aliyeambiwa ukweli. Mpaka 1999 ndo serikali ilitangaza ukimwi kuwa janga la kitaifa, na wakati huo wazazi wengi walikua washazika watoto. Kwa hivyo alipokushika uso hakua anakutukana, alikua anaona kitu ameona tayari. Na yeye ndo alikaa na babako hadi mwisho, hakuna mtu kwa hiyo familia anaelewa kisukari kuliko yeye. Usimpigie simu kwa hii, nenda. Beba ile karatasi ya vipimo, mkalie karibu, mwambie mama, sukari yangu imeanza kupanda kama ya baba na mimi sitaki kufika pale alifika, kwa hivyo napunguza uzito kwa makusudi, nataka nifike kilo 97. Mpe hiyo namba. Akijua mahali unaenda hatashtuka akikuona njiani, na sitashangaa akianza kukutumia managu na ngwaci na gari za huko.

Hiyo chai usinunue. Nyingi za hizo chai ziko na majani ya senna, ambayo ni dawa ya kuharisha, so kile unapoteza ni maji na chumvi za mwili, unapanda mizani unaona kilo mbili zimeenda na mafuta yako pale pale, sukari pia pale pale. Na ukiharisha ukiwa umebeba abiria utarudi kwa kile kizunguzungu.

Hiyo 3,500 tafuta mashine ya presha ya kufunga kwa mkono juu ya kiwiko, zinapatikana kwa bei kama hiyo kwa kemia za tao, uliza saizi ya mkono mnene maana kitambaa kikibana kinasoma juu kuliko ukweli. Asubuhi kabla ya chai na kabla ya muguka, enda choo kwanza, kaa kwa kiti chenye mgongo dakika tano bila kuongea, miguu chini usiikunje, mkono uwe juu ya meza usawa wa moyo. Pima mara mbili, uachanishe dakika moja, andika zote kwa daftari na tarehe. Jioni tena. Ukiwa na wiki moja ya hizo namba peleka daftari kwa daktari, atajua kama unahitaji dawa ama la, na akikupa dawa umeze, usiache juu umeanza kujisikia vizuri. Na ikiwahi kusoma 180 kwa 120, pamoja na kifua kuuma, ama kichwa kinapasuka, ama macho yanaona giza, ama upande mmoja wa mwili umelegea, nenda hospitali wakati huo huo, na gari iendeshwe na mtu mwingine.

Shangazi